Niambie ulikiacha wapi

Swali: Shikamoo mwalimu. Tuko watu watano tunaosoma riwaya moja kila mwezi na kuijadili. Zamu ya kuchagua imenifikia, nami nikatangaza kwa mbwembwe kuwa safari hii tutasoma kitu cha giza: cha kutisha, fantasia au hadithi ya kisayansi. Shida ni kwamba mwenyewe sijui kuvichagua. Mwaka huu nimejaribu vitatu vilivyosifiwa sana. The Haunting of Hill House nilikimaliza huku nikisubiri mzuka utokee, haukutokea. Solaris nilikiweka chini nilipofika kwenye zile kurasa ndefu za historia ya utafiti wa sayari. A Game of Thrones kilinikosesha usingizi, nikasoma vyote vitano mfululizo, kisha nikagundua kuwa cha sita hakijatoka. Je, mimi si mtu wa vitabu vya aina hii? Na nifanyeje, maana mmoja wetu alifiwa na mtoto mwaka jana, na mwingine anasema akisoma vya kutisha halali?

Jibu: Marahaba. Hilo la kama wewe ni mtu wa vitabu hivi tuliondoe njiani kwanza. Umesoma vitabu vitano vya George R. R. Martin bila kupumua. Asiyependa giza hafiki huko, hurudi nyumbani mapema, mara tu baada ya ule upanga unaokata kichwa katika kitabu cha kwanza.

Nimekuwa nikiwachagulia watu riwaya kwa miaka mingi, na siku hizi siwaulizi tena wanapenda nini. Ukimuuliza mtu anapenda nini, atakutajia kitabu ambacho angependa aonekane anakipenda. Namuuliza kitabu cha mwisho kilichomshinda, na alikiacha wapi. Hapo haya humtoka, akasema kweli: nilichoka na majina, niliogopa, sikuelewa, mwandishi alimuua yule niliyemshikilia. Wewe umenipa majibu hayo matatu bila kuombwa, kwa hiyo kazi yangu imekuwa nyepesi.

Kwanza nikutoe kwenye mtego wa majina. Kutisha, fantasia na sayansi tunayataja kwa mpigo mmoja kana kwamba ni vyumba vitatu vya nyumba moja, na wauza vitabu wanapenda iwe hivyo kwa sababu lazima kila kitabu kikae kwenye rafu fulani. Lakini majina hayo hayapimi kitu kimoja. "Kutisha" ni jina la kile kinachompata msomaji. "Fantasia" ni jina la sheria za ulimwengu wa hadithi: kuna uchawi, kuna viumbe, na hakuna anayedai uthibitisho. "Hadithi ya kisayansi" ni jina la ahadi, yaani mwandishi anadai kuwa ajabu lake lina sababu hata kama hataieleza yote. Ndiyo maana kitabu kimoja kinaweza kuwa vyote, na hakuna atakayekosea.

Chukua Frankenstein. Mary Shelley alikianza mwaka 1816 akiwa na miaka 18, kando ya ziwa Geneva, katika kiangazi ambacho jua lilikataa kutoka. Mlima Tambora ulikuwa umelipuka Aprili 1815, majivu yake yakaipoza dunia, na wale vijana waliokuwa mapumzikoni wakafungiwa ndani na mvua hadi wakaanza kushindana kutunga hadithi za mizuka. Kitabu kilitoka mwaka 1818 bila jina la mwandishi. Kinatisha, sawa. Lakini yule kiumbe hafufuliwi kwa kafara wala kwa hirizi. Ni mwanafunzi wa sayansi aliyemtengeneza, kisha akamkimbia. Wengi wanakihesabu kuwa mwanzo wa hadithi za kisayansi, na wengine wanakiweka pamoja na majumba yenye mizuka. Mimi naona ni kitabu kuhusu mzazi aliyetelekeza. Ukimpa mtu anayetafuta damu, atakirudisha akilalamika kuwa jitu linaongea sana. Na kweli linaongea sana. Sura zake ndizo bora kuliko zote.

Basi ukichagua kwa rafu utakosea mara nyingi kuliko utakavyopatia. Chagua kwa hofu. Jiulize ni hofu gani unayotaka ikae nawe chumbani kwa wiki mbili tatu, na ipi hutaki hata ibishe hodi.

Turudi kwa vitabu vyako.

Hill House ya Shirley Jackson ilitoka mwaka 1959, na malalamiko yako ndiyo malalamiko ya nusu ya watu ninaowapa. Umesubiri mzuka, na Jackson alikuwa ameshaamua kwamba hutauona. Kumbuka usiku ule mhusika mkuu, Eleanor, amelala gizani, amekishika kwa nguvu kiganja cha mwenzake Theodora kwa woga. Taa inapowaka, Theodora yuko kwenye kitanda cha upande wa pili wa chumba. Kiganja kile kilikuwa cha nani? Hakuna jibu. Mimi nilipolisoma tukio hilo mara ya kwanza niliiweka mikono yangu yote miwili chini ya shuka, mtu mzima na akili zangu. Kuna hofu ya kabla ya mlango kufunguliwa, na kuna hofu ya baada ya kufunguliwa. Mwandishi wa Kiingereza Ann Radcliffe alizitofautisha hofu mbili hizo zamani sana, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1826 baada ya yeye kufa: ya kwanza, alisema, huikuza roho na kuiamsha, ya pili huigandisha. Jackson yuko upande wa kwanza kabisa. Wewe, kwa ushahidi wako mwenyewe, unataka mlango ufunguliwe.

Si kosa. Wahenga wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Msemo huo watu huutumia kwa ndugu na majirani, lakini mimi nauona kama kanuni kamili ya uandishi wa kutisha: zimwi tunalolijua halitumalizi. Ukishaliona meno, ukishajua linaogopa nini na hulala saa ngapi, unaanza kupanga namna ya kulishinda, na hofu inageuka kuwa vita. Kuna wasomaji wanaotaka vita hiyo, na wewe ni mmoja wao. Wengine wanataka zimwi lisijulikane hadi ukurasa wa mwisho. Jackson anawafaa hao.

Kwa hiyo katika hadithi za kutisha nakupa Dracula ya Bram Stoker, ya mwaka 1897. Usidhani unaijua kwa sababu umeona filamu. Riwaya yenyewe imeshonwa kwa shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti, na kila mhusika anajua kipande kimoja tu. Wewe msomaji unavijua vyote. Unamwona binti akienda kulala karibu na dirisha lililo wazi na hakuna wa kumwambia. Sura nne za mwanzo, za yule wakili kijana ndani ya ngome, hazijapitwa na wakati hata kidogo. Bwana mkubwa mwenyewe yumo humo kwa sura na sauti; baada ya hapo anatoweka, anaonekana kwa nadra, na kutoonekana kwake kunafanya kazi kwa sababu umeshakaa naye mezani. Tahadhari yangu ni kwamba katikati kuna mazungumzo marefu ya wanaume waungwana wakisifiana ushujaa. Pita haraka. Hakuna atakayekutoza faini.

Ukitaka cha karibu zaidi na wakati wetu, The Shining ya Stephen King, 1977. Hapo nyumba yenye mizuka inafunguliwa milango yote, lakini kinachotisha zaidi ni baba mlevi anayejaribu kwa dhati kuacha, na mtoto wa miaka mitano anayesikia mawazo yake. Filamu ya 1980 ni kitu kingine. King hakuipenda, na ukishasoma utaelewa kwa nini: katika kitabu baba yule anapendwa, na anapenda.

Solaris sasa. Hapa nina ugomvi nawe kidogo, lakini kwanza nikutetee. Stanisław Lem alikitoa kwa Kipolandi mwaka 1961. Tafsiri ya Kiingereza iliyozagaa kwa miaka mingi, ya mwaka 1970, haikutoka kwenye Kipolandi; ilitoka kwenye tafsiri ya Kifaransa. Umesoma tafsiri ya tafsiri, na Lem, aliyekijua Kiingereza, hakuridhika nayo. Kwa hiyo kama uliona sentensi zimekauka, huenda si wewe wala si yeye. Tafsiri ya Bill Johnston iliyotoka moja kwa moja kwenye Kipolandi ilikuja mwaka 2011, ikianzia kama kitabu cha kusikiliza. Itafute hiyo.

Ugomvi wangu ni huu. Zile kurasa za historia ya utafiti zilizokuchosha ndizo zinazobeba kicho cha kitabu. Binadamu wameitazama bahari iliyo hai ya sayari Solaris kwa vizazi, wameijazia makabati ya vitabu, wamebuni istilahi, wamegombana, wamepeana vyeo, na bahari haijawahi kuwajibu hata neno moja linaloeleweka. Mtu anayependa zimwi lijulikane hawezi kufurahia hapo, kwa kuwa Lem anamwambia usoni: hili halitajulikana. Naelewa. Ila umekiacha hatua chache tu kabla ya msimulizi, Kelvin, kuamka na kumkuta Harey, mpenzi wake aliyekufa miaka mingi, ameketi karibu na kitanda kama mtu aliyetoka dukani. Ungefika hapo usingekiacha.

Hilo linanikumbusha jambo ambalo wasomaji wapya wa hadithi za kisayansi hawaambiwi. Riwaya hizi zinasomwa kwa subira ya namna yake. Katika riwaya ya kawaida neno usilolijua ni kosa lako au la mwandishi. Katika hadithi ya kisayansi ni mbegu. Mwandishi anakutupia jina la mashine, la cheo, la ugonjwa, na hakuelezi, kwa sababu watu wa ulimwengu ule hawana haja ya kuelezana vitu vyao. Usikimbilie kamusi. Libebe neno hilo kama unavyobeba jina la mgeni uliyetambulishwa kwenye sherehe: baada ya kurasa hamsini litakuwa limekaa lenyewe. Jambo la kutafuta katika kurasa za mwanzo ni moja tu, nalo ni kitu gani kimebadilishwa. Waandishi wazuri wa fani hii hubadilisha kitu kimoja kikubwa, kisha wakafuata matokeo yake hadi jikoni na kitandani. Ukikipata kitu hicho umeshika ufunguo. Usipokipata hadi theluthi ya kitabu, basi mwandishi naye hajakipata.

Na ukijikuta unataka kutisha ndani ya sayansi, mahali ambapo elimu ndiyo inayoleta hofu, kuna Blindsight ya Peter Watts, 2006: chombo kinatumwa kwenye ukingo wa mfumo wa jua kukutana na kitu chenye akili kubwa ambacho pengine hakijitambui hata kidogo. Mwandishi ni mwanabiolojia, na inaonekana. Sikupendekezei kwa sasa. Ni kigumu kama jiwe, na kilichokushinda kwenye Solaris kingekuangusha palepale. Kiweke kwenye orodha ya mwakani.

Sasa A Game of Thrones, kitabu ambacho hukukiacha; kilikuacha wewe. Cha kwanza kilitoka mwaka 1996, cha tano mwaka 2011, na cha sita wasomaji bado wanakisubiri. Nimekubali kwamba huenda tutabaki hivyo, na nakushauri ukubali mapema, utaishi kwa amani. Kinachonihusu ni kilichokukosesha usingizi. Katika fantasia ya zamani uovu una anwani: kuna mnara mweusi upande wa mashariki, kuna bwana wa giza, na ukiuangusha mnara kazi imekwisha. Katika fantasia ya giza uovu umeketi mezani, unakula nasi, na pengine ndiye baba wa bibi harusi. Hakuna mhusika aliye na kinga. Hiyo ndiyo hofu yako, nadhani: hofu ya uamuzi mbaya unaoonekana mzuri siku unapoufanya.

Kwa njaa hiyo nakupa vitabu vilivyokamilika. Joe Abercrombie aliandika mafungu matatu, The Blade Itself, Before They Are Hanged na Last Argument of Kings, kati ya 2006 na 2008, na hadithi inafungwa. Humo yumo Glokta, mtesaji wa serikali ambaye zamani alikuwa askari mzuri wa sura, akatekwa na kuteswa mwenyewe. Sasa hana meno ya kutafunia na kila ngazi ni adui yake. Utamchukia, utamcheka, kisha utashtuka kwamba unamsubiri kila sura. Kabla yake kulikuwa na The Black Company ya Glen Cook, 1984, inayosimuliwa na daktari wa kikosi cha askari wa kukodiwa ambao mwajiri wao ni upande wa giza wenyewe. Sentensi fupi, hakuna mapambo, watu wanacheza karata wakisubiri vita. Waandishi wengi wa fantasia ya vita waliokuja baadaye wamepita kwenye mlango alioufungua.

Usianze na Black Leopard, Red Wolf ya Marlon James. Utasikia kikitajwa sana tangu kilipotoka mwaka 2019, na ni kazi ya mtu mwenye kipaji kikubwa, iliyochota kwenye visasili vya Afrika. Lakini msimulizi wake anakudanganya makusudi, mpangilio wa matukio umepindwa, na ukatili wa kimwili ni mwingi kupita ninavyoweza kumwekea mtu dhamana.

Hapo kwenye ukatili nina kipimo changu. Fani hii ina waandishi wanaodhani giza ni hesabu ya maiti, kwamba kikifa kijiji kizima sura imekuwa nzito. Mimi huangalia ukurasa unaofuata kifo. Kuna anayezika? Kuna anayekosa hamu ya chakula, anayechukua viatu vya marehemu, anayemwongopea mama yake? Kama hadithi inaruka moja kwa moja kwenye pigano lingine, hilo si giza, ni vumbi tu. Kipimo hiki kimeniokolea fedha nyingi.

Nyumbani kwetu pia kuna giza la kutosha, ila halikuandikwa "kutisha" kwenye jalada. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, 1952, mtu mwema amewafunga manyani wawili na lazima awapige mijeledi kila usiku ingawa moyo unamuuma, na manyani hao ni ndugu zake wa damu. Asili ya kisa imo katika Alfu Lela Ulela, ambako ndugu wamegeuzwa mbwa. Tulisomeshwa kama kitabu cha maadili, tukajibu maswali ya mtihani, na hakuna aliyetuambia kwamba lile tukio la mijeledi lingestahili riwaya yoyote ya kutisha duniani. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, 2001, inamleta marehemu babu kumwandama mjukuu wake, mkubwa wa serikali aliyesahau alikotoka. Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, inamrusha mtu aliyehukumiwa kifo ndani ya chombo hadi kwenye ulimwengu mwingine. Likate jina hilo vipande vitatu uone linasema nini. Nagona ya Kezilahabi, 1990, ni fupi na ngumu, na sijui kama ningeiita ndoto au jinamizi. Ukitaka kikundi chako kizozane hadi usiku, chagua mojawapo ya hizi siku moja.

Tufike kwa wenzako, kwa sababu hapa ndipo watu huumizana.

Niliwahi kumpa kijana mmoja Pet Sematary ya King. Alikuwa ameniambia anataka cha kutisha kuliko vyote, nami nikafurahia kuonyesha ujuzi wangu. Sikumuuliza habari za nyumbani kwake. Alikuwa amepata mtoto wa kiume miezi michache kabla. Kitabu kile kinahusu barabara yenye malori, mtoto mdogo, na baba asiyekubali kuzika. Alikirudisha kesho yake, akakiweka mezani kimegeuzwa jalada chini, akaondoka bila kusema kitu. King mwenyewe ameeleza kwamba alipokimaliza alikiona kimevuka mpaka, akakiweka kando kabla ya kukitoa mwaka 1983. Chanzo chake kilikuwa mwanawe mdogo aliyekimbilia barabarani. Mwandishi aliogopa kitabu chake, mimi nikakigawa kama peremende.

Kwa hiyo, kwa mwenzenu aliyefiwa, Pet Sematary isikaribie. Wala Beloved ya Toni Morrison, 1987, pamoja na utukufu wake wote, kwa kuwa mzuka wa humo ni mtoto aliyeuawa. Na hapa kuna mtego unaowanasa wengi: The Fifth Season ya N. K. Jemisin, 2015. Kila mtu atakupendekezea, na ana haki. Vitabu vyake vitatu vya mfululizo huo vilishinda Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi na fantasia, miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, jambo ambalo hakuna mwandishi aliyekuwa amelifanya. Lakini kinafunguka kwa mama aliyeketi na maiti ya mwanawe mdogo aliyeuawa na baba yake. Ukurasa wa kwanza tu. Jalada halisemi.

Ila usivuke upande wa pili ukaanza kumlinda kama yai. Waliofiwa si wote wanaokimbia vitabu vya kifo. Nimewaona wanaovitafuta, kwa sababu ndivyo peke yake visivyowabembeleza. Mwambie faraghani, kabla ya kutangaza, kitabu kina nini. Sema kwa maneno makavu: humu kuna hiki na hiki, kinatokea karibu na mwisho. Usimuulize kama ataweza. Swali hilo linamlazimisha ajitetee. Mpe habari, mwache aamue, na uwe na kitabu cha pili mfukoni.

Yule asiyelala ni rahisi zaidi. Wengi wa namna hiyo hawaogopi kila kitu. Wanaogopa kinachotokea mahali wanapolala. Kitanda, korido, kioo, chini ya ngazi. Wape hofu iliyo mbali, ya mchana, ya karne nyingine au sayari nyingine, na watakuja kikundini wamemaliza kabla yenu. Mwambie pia asome asubuhi. Inaonekana ushauri wa kitoto, lakini hofu inayosomwa kabla ya chai ina saa kumi na tano za kupoa.

Chaguo langu kwa kikundi chenu ni Kindred ya Octavia Butler, 1979.

Dana ni mwandishi mweusi wa California, anatimiza miaka 26 Juni 1976, yuko anapanga vitabu kwenye nyumba mpya na mumewe, mzungu. Ghafla kizunguzungu, na anajikuta kando ya mto huko Maryland mwanzoni mwa karne ya 19, ambako mtoto mwekundu wa nywele anazama. Anamwokoa. Mtoto huyo, Rufus, mwana wa mwenye watumwa, ni babu wa mababu zake. Kila Rufus anapokaribia kufa, Dana anavutwa kwake. Anarudi nyumbani pale tu anapoamini kwamba yeye mwenyewe anakufa. Hakuna mashine, hakuna maelezo. Butler alisema wazi kwamba si hadithi ya kisayansi kwa kuwa hamna sayansi ndani yake. Aliiona kama aina ya fantasia kali ya giza. Wauza vitabu hawakumsikiliza.

Sasa kumbuka lile zimwi la wahenga. Katika kitabu hiki hofu ndiyo usafiri. Mara ya kwanza Dana anapopigwa mjeledi, anaogopa kufa, na anarudi nyumbani. Baadaye anapigwa tena, vibaya zaidi, na harudi, kwa sababu sasa anajua kuwa hawatamuua. Amezoea. Zimwi limemjua, naye amelijua, na ndiyo maana hatoki. Sijakutana na riwaya nyingine iliyogeuza kuzoea kuwa ndilo jambo la kutisha kwa namna hii, na kwa msomaji kama wewe, anayetaka zimwi lenye sura, hapa utalipata limekaa barazani na daftari la hesabu.

Ni kitabu kimoja, kimekwisha, hakina cha pili cha kusubiri. Lugha yake ni nyepesi. Asiyelala atalala, kwa kuwa hofu yake ni ya jua kali na mashamba. Kwa aliyefiwa, haya ndiyo ya kumwambia: kuna mama anayeondolewa watoto wake na kuambiwa wameuzwa, naye anajiua, kuna vipigo, na wanawake wanalazimishwa. Akisema hapana, usijadiliane naye. Chukueni The Time Machine ya H. G. Wells, 1895. Ni kifupi, mnaweza kukimaliza kwa siku mbili, na hakimiliki yake imeisha katika nchi nyingi kwa hiyo kinapatikana bure. Giza lake ni la namna nyingine: mwaka 802,701, jamii mbili za watu, moja juu ya ardhi na nyingine chini, na polepole unaanza kuelewa nani anamlisha nani na kwa nini.

Ukikitangaza, usikisifu. Ukisema kinatisha kuliko vyote, wote watasoma wamekunja ngumi, wakikupima wewe badala ya kukisoma. Waeleze hali ya sura ya kwanza, waambie urefu na kwamba kimekamilika, basi. Na wasikisome vijiko viwili kwa siku. Hadithi ya kisayansi inavumilia kusomwa kidogokidogo, fantasia kubwa inahitaji karatasi ya majina pembeni, lakini taharuki ikikatwa kila baada ya kurasa nne inakufa. Kindred ina safari sita. Wasome safari nzima kwa mkao mmoja, hata kama ni jioni sita tu katika mwezi.

Mwambie kila mmoja aweke alama ya penseli pale alipotaka kukifunga. Anzeni mjadala hapo, kabla ya mtu yeyote kusema alikipenda au la. Za kwako uzitunze, pamoja na ile ya Solaris, kwa zamu yako ijayo.